Umri wa Mashine Dukani

Duka lilikuwa na watu watatu na hoja moja isiyoisha. Hoja yenyewe ni hii: mashine ya gemu huuzwa miaka mingapi kabla kampuni haijatoa ya kuirithi, na ikishatoka hiyo mpya, ile ya zamani hubaki na uhai gani? Kwa watu wengine hayo ni mazungumzo ya kupitishia muda. Kwa hawa watatu yalikuwa chakula cha watoto, maana muuzaji anayejaza stoo mashine za zamani wiki chache kabla ya mpya kutangazwa hubaki akitazamana nazo mpaka ziote vumbi.

Mwenye duka aliitwa Kocha, na hata wajukuu wake walimwita hivyo. Jina alilipata kwa namna yake ya kuuza. Mteja akishalipa hakuruhusiwa kuondoka na boksi lake. Alikalishwa kwenye kiti mbele ya runinga ya dukani, akapewa pedi ya kuchezea, na Kocha akaketi kando yake wakacheza raundi moja, akimwelekeza kidole gumba kikae wapi na kidole cha shahada kisubiri nini. Aliamini kwamba mtu aliyeuziwa mashine bila kufundishwa ameuziwa boksi tu. Mwanawe alikuwa fundi. Kutwa alikuwa nyuma ya pazia, taa kichwani, akifungua pedi zilizomwagiwa soda. Mke wa fundi alikuwa amesomea uhasibu, na tangu alipoolewa akaingia dukani ndiye aliyeamua kipi kiagizwe na kipi kiachwe. Mtaa mzima ulimwita Mhasibu. Kocha alimwita "mama" walipopatana na "Mhasibu" walipobishana, kwa hiyo jina la pili ndilo lililotumika zaidi.

Mhasibu alikuwa mtu wa ushahidi. Ukimwambia mvua itanyesha, alitoka nje kutazama. Katika hoja ile alikuwa na ushahidi wa kutosha. Mashine ya kwanza kuuzwa dukani hapo ilitawala miaka sita kabla ya kurithiwa. Ya pili saba. Ya tatu ikakaribia minane. Lakini kadiri utawala ulivyorefuka, ndivyo uzee ulivyofupika. Mrithi alipofika, ya kwanza iliendelea kuuzwa miaka mitatu mingine, ya pili miwili, ya tatu mwaka na ushei. Kwa mwelekeo huo, alisema, toleo la nne, hili wanalouza sasa, litauzwa kwa miezi sita tu baada ya la tano kutoka, kisha litakuwa la kuzikwa.

Kocha alijibu kwamba yeye hauzi mwelekeo, anauza mashine.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, Mhasibu."

"Baba, methali haina tarehe."

"Na tarehe haina akili."

Fundi, nyuma ya pazia, aliwaombea waendelee, kwa sababu wakibishana hakuna aliyekumbuka kumwuliza pedi ya nani imechelewa. Hata hivyo neno la mwisho kwenye maagizo lilikuwa la Mhasibu, naye alisimamisha kuagiza mashine ya zamani. Zilizobaki zilijaza ukuta mmoja wa stoo. Kwenye kompyuta aliziweka katika fungu la bidhaa za kumalizwa, akaacha kuzifikiria.

Mashine mpya ilipofika, watu walijaa mpaka kibarazani. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Wengi walileta mashine zao za zamani ili wapunguziwe bei ya mpya, utaratibu ambao duka liliufuata tangu mwanzo, na wengi walikuja na swali lilelile: diski tulizo nazo zitacheza humu? Kocha alijibu bila kupepesa macho kwamba zitacheza. Hakuwa mwongo. Toleo la pili lilisoma diski za la kwanza, la tatu likasoma za la pili, la nne likasoma za la tatu. Katika maisha yake yote ya biashara, mtoto alielewa lugha ya mzazi wake.

La tano halikuelewa. Liliimeza diski, likafikiri, likaitema.

Mhasibu alikuwa na habari hiyo mapema. Aliisoma kwenye maelezo ya kampuni, akaiandika kwenye kundi la simu la familia, aya tatu zilizonyooka. Fundi alizisoma. Kocha hakuwa mtu wa kusoma ujumbe mrefu kuliko kiganja chake. Alisubiri mwandishi achoke, aje kusema kwa mdomo. Basi huyu alidhani amesema, na yule hakujua kwamba ameambiwa, na kati yao zikapita wiki mbili za mauzo mazuri sana.

Kisha wateja wakaanza kurudi. Mwashi mmoja alikuja na makelele. Alipewa maji na radhi, makelele yakaisha. Aliyekuja bila makelele ndiye aliyewashinda. Alikuwa muuguzi, bado na sare yake ya kazi, na aliiweka mashine mpya juu ya kaunta polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Juu yake akaweka kava la diski moja. Alieleza kwamba mashine ya zamani aliyoileta ibadilishwe haikuwa yake bali ya mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa na miaka themanini na mguu usiokunjika, na kila alasiri alikaa mbele ya runinga akiendesha magari ya mashindano. Ndani ya gemu hiyo alikuwa na gari la njano, la kasi kuliko yote, alilolipigania kwa miaka miwili ya ushindi na ajali. Binti alitaka kumfurahisha kwa kitu kipya.

"Sasa anaitazama runinga iliyozimwa," muuguzi alisema. "Hanilaumu. Afadhali angenilaumu." Akamgeukia mzee. "Nilikuuliza, Kocha. Ukaniambia zitacheza."

Kocha alifungua mdomo, akamtazama Mhasibu kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Mhasibu alisema ukweli: hazichezi, wala hazitacheza. Muuguzi akaomba arudishiwe mashine ya mama yake. Nayo haikuwepo. Fundi alikuwa ameshaifuta kumbukumbu zake zote, kama afanyavyo kwa kila iliyotumika, na ilikuwa imeshauzwa. Mhasibu akamwahidi kwamba orodha ya waliolalamika ikikamilika, atapelekewa nyingine kutoka stoo. Alipotoka, Kocha alibaki ameshika kava la diski ambalo muuguzi alilisahau, akilipindua huku na huku kana kwamba kosa limeandikwa nyuma yake.

Jioni ile fundi alivua taa yake ya kichwani na kuzungumza na mkewe nyuma ya pazia. Baba amechoka, alisema. Mwezi uliopita alimpa mtu chaja ya mashine nyingine. Kabla ya hapo alimwahidi mteja rangi isiyotengenezwa. Mambo madogo madogo, lakini sasa wateja wanadhani duka linawahadaa. Akamwuliza mkewe ushahidi unasemaje, na Mhasibu akajibu, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimajoto, kwamba ushahidi uko upande wa mumewe.

Fundi alimwambia baba yake wakati wa chakula, kwa upole wote aliokuwa nao. Alisema ni wakati wa kupumzika, kwamba duka liko salama, kwamba hakuna aliyemkasirikia. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa. Akauliza tu kama kikombe chake cha dukani akilete nyumbani au kibaki.

Asubuhi iliyofuata Mhasibu alimkuta mzee sebuleni amevaa shati lililofungwa vifungo hadi shingoni, viatu vimeng'arishwa, ameketi. Alidhani ni mazoea, yataisha. Hayakuisha. Kila asubuhi aliwaaga akiwa amevaa hivyo, na kila jioni waliporudi alikuwa kwenye kiti kilekile. Wajukuu walimwita wacheze naye, akasema vidole vinamwuma. Mhasibu aliwahi kumwona baba mkwe wake akiwa na homa kali, na aliwahi kumwona akiwa amefiwa na mkewe, na katika hali zote mbili alibishana: na daktari, na wachimba kaburi, na yeyote aliyekaribia. Sasa hakubishana na mtu. Ungemtilia chumvi kwenye chai angekushukuru.

Siku moja mezani Mhasibu alimchokoza makusudi. Alisema, bila kumtazama, kwamba mashine ya zamani sasa imekufa kabisa, kama alivyotabiri.

"Huenda," alisema Kocha, akaomba apitishiwe maji.

Hilo "huenda" lilimkaa Mhasibu kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alikwenda stoo kutoa mashine za zamani za kuwapa wateja waliolalamika. Alikuwa ameshapanga kichwani: wapewe hao, na zitakazobaki kwenye ukuta ule ziuzwe kwa bei ya kutupa. Aliwasha taa, akasimama. Ukuta ulikuwa mtupu. Palikuwa na alama za vumbi za mstatili zikionyesha maboksi yalipokuwa, na chini, kwenye kona, boksi moja peke yake.

Jambo la kwanza alilofikiri ni wizi. Alimwita mumewe, akamwonyesha. Fundi alikuna kichwa.

"Si Baba aliziuza," alisema.

"Lini?"

"Wakati wewe unauza mpya. Ulikuwa na foleni, hukuona nyuma yako."

Mhasibu alirudi kwenye kompyuta na kulifungua fungu alilokuwa ameacha kulitazama. Ilikuwa kweli. Katika wiki zile mbili, huku watu wakigombania mashine mpya kwenye kaunta, kwenye kile kiti mbele ya runinga, mashine ya zamani iliuzwa zaidi kuliko ilivyouzwa katika miezi mitatu kabla ya mrithi wake kuja. Alitafuta kosa, hakuliona. Kisha akatafuta sababu, na sababu alikuwa anaifahamu kwa sura: yule mshonaji, yule mlinzi wa benki, yule mama wa duka la vitambaa, watu waliosimama mlangoni miaka na miaka wakitazama bila kuingia. Hawakuwa wakisubiri mashine mpya. Walikuwa wakisubiri ya zamani ishuke bei. Siku iliposhuka waliingia, wakamkuta mtu wa kukaa nao.

Na tangu mtu huyo aondoke, haikuuzwa hata moja. Lile boksi la mwisho lilikuwa limekaa pale siku zote hizo. Bwana mmoja mpaka rangi alikuja kuulizia mashine ya zamani jana tu. Mhasibu alimjibu maswali yake yote, kwa usahihi, mpaka kipimo cha waya. Yule bwana alishukuru sana na kwenda zake.

Mtu anayeamini ushahidi ana deni moja maishani: ushahidi usioalikwa ukibisha hodi, aukaribishe kiti. Mhasibu aliupa kiti. Alipiga simu kwa muuzaji wa jumla na kuuliza kama kampuni bado inatengeneza toleo la nne. Inatengeneza, aliambiwa, na itaendelea kwa muda. Akaagiza. Kisha akalichukua lile boksi la mwisho, akamwambia mumewe afunge duka mwenyewe, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Kocha alikuwa kwenye kiti chake. Mhasibu aliketi mbele yake, boksi magotini.

"Baba, nilikosea kuhusu miezi sita."

Mzee hakuinua macho. "Umekosea kwa kiasi gani?"

"Sijui bado. Ilikuwa inaendelea kuuzwa, ulipokuwepo."

"Mume wako amekutuma."

"Hajui ninachokuja kusema. Nimetumwa na stoo."

Kocha alitazama boksi, kisha viatu vyake. Alisema kwamba watoto wake wasimfanyie huruma. Mashine ikipitwa, hutolewa kwenye rafu, hilo ndilo lililowalisha miaka yote na hakuna haja ya kulilia. Alikuwa amewaambia watu jambo lisilo kweli, wakamwamini kwa sababu ni yeye.

"Uliwaambia jambo lililokuwa kweli mara tatu," Mhasibu alisema. "Mimi ndiye niliyejua kwamba mara hii si kweli. Na nikakuandikia aya tatu. Nimekaa na wewe nyumba moja miaka yote hii, nikakuandikia aya tatu."

Kisha Kocha akauliza, "Zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa na vichwa vya habari."

Mabega ya mzee yalitikisika. Ilimchukua Mhasibu muda kuelewa kwamba anacheka, kwa kuwa hakutoa sauti, na alipomaliza alilazimika kufuta macho kwa mkono wa shati.

"Na nikikosea tena, mama?"

Hakumwambia kwamba hatakosea. "Utakosea," alisema. "Mpya nitauza mimi. Ya zamani utauza wewe, kwa sababu mimi siwezi, nimejaribu. Kila asubuhi nitakwambia kwa mdomo kilichobadilika, nawe utanirudishia kwa maneno yako mpaka niridhike."

"Kama mtoto wa shule."

"Kama rubani kabla ya kuruka."

Kocha alilipima neno hilo, na halikumchukiza. Aliuliza fundi atasema nini. Mhasibu alisema atauliza kama ni huruma, naye atamjibu kwamba huruma haiwezi kumaliza ukuta mzima wa maboksi. Kisha akaligonga boksi kwa kucha. Kuna mama mmoja, alisema, bado anaitazama runinga iliyozimwa. Kocha alisimama. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya mtu kukaa nyumbani amevaa viatu.

Nyumba ya muuguzi ilikuwa mtaa wa pili, ghorofa ya chini, chumba kimoja kikubwa na dirisha lenye pazia la maua. Mama yake alikuwa kwenye kiti chenye mto, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alimtazama Kocha kuanzia vifungo vya shati mpaka viatu.

"Wewe ndiye uliyemuuzia binti yangu lile bubu?"

"Ndiye mimi, mama. Nilisema nisilolijua. Nisamehe."

"Una miaka mingapi, kijana?"

Kocha, ambaye hakuitwa kijana tangu mwanawe alipobalehe, alisema sabini na mbili. Bibi alitikisa kichwa kama daktari aliyepata alichokitafuta, akasema bado ni umri wa kufunzwa. Kocha akamrudishia muuguzi kava lake la diski, akafungua boksi, akapiga magoti nyuma ya runinga kuunganisha waya. Mhasibu alitaka kumsaidia, akajizuia. Mzee alipapasa mara mbili, ya tatu akapata tundu.

Lilikuwa limebaki jambo gumu zaidi, nalo alilisema mwenyewe, akiwa bado amepiga magoti. Gari la njano halipo. Lilikuwa ndani ya mashine ile ya kwanza, na ile imefutwa, haiwezi kurudishwa. Diski itacheza, lakini itaanza mwanzo, na gari dogo lile analopewa kila mtu.

Muuguzi aliangalia chini. Bibi aliitazama runinga, ambayo sasa ilikuwa na mwanga.

"Lile dogo la bluu?" aliuliza mwishowe. "Linaloyumba kwenye kona?"

"Hilohilo."

"Nililipenda. Lilikuwa halijui kitu." Akanyoosha mkono apewe pedi. "Basi nianze. Kwani nina safari gani?"

Kocha aliketi kando yake, akachukua pedi ya pili, na kwa mazoea ya miaka mingi akaanza kumwelekeza kidole gumba kikae wapi. Bibi alimwambia anyamaze, anazuia upepo. Raundi ya kwanza alimkata kwenye kona na kumtupa nje ya barabara. Ya pili alimpita mwishoni kabisa, kwa pua ya gari. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni na muuguzi, na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kutazama mambo yalivyo, aliona kwamba baba mkwe wake hakuwa akimwachia. Jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa anashindwa kwa haki, na vidole vyake havikuwa vikimwuma hata kidogo.

Walipotoka jua lilikuwa limelegea. Walitembea polepole, Kocha mikono nyuma, akieleza kwamba kona ile ya tatu imetengenezwa vibaya na kampuni.

"Ile mashine ya yule mama," alisema. "Bado ina muda gani?"

Mhasibu alifikiri. "Kampuni itaitengeneza mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Hii yake ikitunzwa itaishi zaidi ya hapo."

"Na mimi?"

Hakuwa mtu wa kusema asilolijua, wala mzee hakuuliza ili afarijiwe. Walipita duka la kinyozi na duka la vyuma kabla hajajibu.

"Sina takwimu za kutosha, Baba. Nina wewe mmoja tu, na mmoja hatoi mwelekeo. Itabidi uje kesho, na keshokutwa, mpaka zitoshe."

Kocha alisema hizo zitachukua muda mrefu kukusanya.

Mhasibu alisema hana haraka. Akamshika mkono, kwa sababu barabara mbele yao ilikuwa imechimbuliwa kupitisha bomba la maji, na ubao wa kuvukia ulikuwa mwembamba.